Samaki Wenye Magamba na Sanduku la Maswali: Miaka Sita ya Kulea Klabu ya Amani Shuleni

Nilikuwa mwalimu wa Uraia katika shule moja ya sekondari ya kata, wilayani Temeke, Dar es Salaam, na kwa miaka mingi niliamini kwamba nafundisha amani. Mada ilikuwemo kwenye muhtasari wa somo, wanafunzi walijua kuieleza maana yake, na kwenye mitihani wengi waliorodhesha sababu tano za kuidumisha bila kukosea hata moja. Naandika haya kwa sababu walimu wenzangu, na viongozi wa dini wawili watatu, wameniuliza namna ya kuanzisha klabu ya amani yenye wanafunzi wa dini tofauti, na kila ninapowajibu kwa mdomo najikuta nasimulia yaliyofanikiwa na kuyaruka makosa, ilhali makosa ndiyo yaliyonifunza.

Ijumaa ya tarehe 12 Oktoba 2012, huko Mbagala, ubishi wa watoto wawili uligeuka kuwa balaa la mji mzima. Kama ilivyosimuliwa wakati ule, mmoja alimwambia mwenzake kwamba mtu akiukojolea msahafu atageuka nyoka, na mwenzake akataka kuona kama ni kweli. Polisi walimshikilia yule mtoto, umati ukajaa kituoni ukidai akabidhiwe, mabomu ya machozi yakapigwa, na siku hiyo haikwisha kabla ya makanisa kadhaa kuvunjwa na kuchomwa. Ijumaa iliyofuata fujo zikazuka Kariakoo. Hali ilikuwa imeshachafuka tangu sensa ya mwezi Agosti, ambapo baadhi ya Waislamu walitaka kipengele cha dini kirejeshwe kwenye dodoso na wengine wakahimizana wasihesabiwe. Kipengele hicho hakijaulizwa tena tangu sensa ya mwaka 1967, na ndiyo maana kila upande ulikuwa huru kujiita wengi.

Jumatatu ya tarehe 15 niliingia kidato cha pili nikakuta madawati yamehamishwa. Hakuna aliyewaagiza. Wasichana waliovaa hijabu walikuwa wamejikusanya upande wa madirishani, na wawili waliokuwa wakitumia kitabu kimoja cha Jiografia tangu Januari sasa walikuwa pande mbili za darasa, mmoja ana kitabu na mwingine hana. Nilifundisha kipindi chote nikijifanya sijaona. Hilo nalihesabu kuwa kosa la kwanza.

La pili lilikuwa la mdomo. Mkuu wa shule alinipa dakika kumi mstarini nizungumze na wanafunzi, nami nikachukua dakika ishirini na tano juani. Niliwasomea maneno ya utangulizi wa katiba ya UNESCO ya mwaka 1945, kwamba kwa kuwa vita huanzia katika fikra za watu, basi ngome za amani nazo hazina budi kujengwa humohumo katika fikra za watu. Niliwakumbusha Mwalimu Nyerere, ambaye siku yake ilikuwa imeadhimishwa jana yake tu. Walinipigia makofi. Saa nne, wakati wa mapumziko, wavulana wawili walikamatana mashati bombani wakiitana makafiri na magaidi, na mmoja wao alikuwa ndiye aliyeongoza darasa katika jaribio langu la mwisho. Nilimwita ofisini nikamuuliza imekuwaje mtu aliyeandika vizuri vile kuhusu amani akafanya haya. Alinijibu bila jeuri yoyote, akiwa ameinamisha kichwa: "Madam, ile ilikuwa ya Kiingereza."

Jibu lile lilinikaa rohoni. Sekondari tunafundisha kwa Kiingereza, na watoto wetu walikuwa wameikariri amani kwa lugha ambayo hawaitumii wanapogombana, wanapotaniana, wala wanaposali. Mwalimu yeyote anayesoma hapa naomba aanzie hapo: mambo ya amani yazungumzwe kwa lugha ambayo matusi yanatukaniwa.

Kuna jambo jingine nililoanza kuliona siku hizo. Kila wiki shule zetu zina kipindi cha dini. Waislamu huingia darasa moja na ustadhi wao, Wakristo hugawanyika kwa madhehebu, Waprotestanti wa umoja wa UKWATA huku na Wakatoliki wa chama chao cha TYCS kule. Siupingi utaratibu huo, kwa maana mzazi ana haki ya kutaka mwanawe alelewe katika imani ya nyumbani. Ila kwa dakika arobaini kila wiki tuliwafungia mlango watoto wakafundishwa wao ni nani, na katika ratiba nzima hapakuwa na hata dakika tano za kuufungua mlango huo wakaonana. Pengo hilo lilijazwa na uvumi kuhusu yanayosemwa chumba cha pili.

Basi mwezi Novemba nikaamua kuufungua mlango, na nikaufungua vibaya. Niliandaa mjadala wa dini na amani, nikamwalika mhubiri mmoja na ustadhi mmoja. Mimi ni Mlutheri, ingawa wajomba zangu upande wa mama ni Waislamu, na kwa hiyo nilijiona mtu wa kati. Ukweli ni kwamba mhubiri nilimfuata mwenyewe nyumbani kwake, tukanywa chai, tukapanga cha kusema. Ustadhi nilimtumia ujumbe kupitia kwa mwanafunzi. Aliligundua hilo alipofika tu, na alikuwa na haki ya kukasirika.

Robo saa ya kwanza ilikwenda vizuri. Mhubiri alisoma Mathayo 5:9, "Heri wapatanishi; maana hao wataitwa wana wa Mungu." Ustadhi alisoma Sura Al-Hujurat aya ya 13, isemayo kuwa Mungu aliwajaalia watu kuwa mataifa na makabila "ili mjuane". Kisha nikaruhusu maswali. Mvulana mmoja akasimama na Biblia mkononi, akauliza ni wapi Yesu alisema, "Mimi ni Mungu, niabuduni." Waliokulia Dar es Salaam miaka ya themanini na tisini wanalijua swali hilo, ni la mihadhara ya mlingano wa dini iliyokuwa ikifanyika viwanjani kwa vipaza sauti, na jibu lake nalo lina swali lake la kurudisha. Ndani ya dakika tano ukumbi ulikuwa na takbiri upande mmoja na haleluya upande mwingine, na wageni wangu wawili walikuwa wamesimama wakinyang'anyana kipaza sauti kimoja.

Gharama zake hazikuchelewa. Wazazi watatu walikuja shuleni, wawili wakidai nawabatiza watoto wao na mmoja akidai nawasilimisha. Mkuu alinipa barua ya kujieleza ndani ya siku saba. Mume wangu aliisoma, akaikunja, akasema tu kwamba mshahara wa nyumba hii ni mmoja na nusu na nusu ile ni yangu. Yule mhubiri hakukanyaga tena shuleni kwetu, na hadi leo tukikutana sokoni hunisalimia kama anayelipa deni.

Nimelifikiria sana kosa lile. Aya za amani si haba katika dini yoyote, na kuzisoma ni rahisi mno. Kila upande hutoka na yake mfukoni kama kitambulisho. Lakini aya ikisomwa mbele ya watu wanaoogopana, husikika kuwa dai: dini yetu ndiyo ya amani, maana yake fujo ni zenu. Nami kwa kuwaketisha wageni kwenye meza mbili zinazotazamana, na hadhira imegawanyika nyuma yao, nilikuwa nimejenga uwanja wa mashindano kisha nikashangaa watu kushindana.

Kilichonitoa gizani kilikuwa msiba. Januari 2013 alifariki baba wa mwanafunzi wetu mmoja, Mwislamu, na maziko yalipangwa siku hiyohiyo baada ya sala ya alasiri. Nilikwenda na wanafunzi wapatao ishirini. Tulipofika hapakuwa na muda wa kukaribishana, mzee mmoja wa mtaa aliwatazama wavulana wangu, bila kumuuliza yeyote jina wala dini, akawaambia, "Nyinyi vijana, lile turubai halijasimama, na maji hakuna." Wakaenda. Wasichana walipewa sinia za mchele wauchambue pamoja na kina mama. Yule mvulana wa bombani alibeba ndoo za maji hadi shati likaloa mgongo mzima. Hakuna aliyetamka neno amani siku ile.

Kwenye daladala wakati wa kurudi, nilimsikia msichana mmoja nyuma yangu akimuuliza mwenzake kwa sauti ya chini, "Kwa nini mnazika bila sanduku?" Mwenzake akamweleza habari ya sanda na mwanandani, kisha naye akauliza, "Na nyie mbona mnakaa na maiti siku mbili tatu, hamuogopi?" Hao ndio wale wawili wa kitabu cha Jiografia. Maswali yao hayakuwa mepesi kuliko ya kwenye mjadala, ila yaliulizwa na mtu anayetaka kujua, tena baada ya kazi iliyofanywa kwa mikono. Niliyaandika yote mawili kwenye kurasa za mwisho za daftari la mahudhurio.

Klabu ilianza mwezi uliofuata na wanafunzi kumi na mmoja. Nilikuwa na sanduku la karatasi za A4 lililotobolewa tundu juu. Baadaye fundi seremala wa Buguruni alinitengenezea la mbao lenye kufuli kwa shilingi 12,000. Mwanafunzi aliandika swali kuhusu dini ya mwenzake bila kuweka jina, na kwenye kikao maswali matatu yalisomwa. Kanuni zilikuwa mbili, na zilitokana na vidonda vya Novemba. Kwanza, hakuna anayeieleza dini isiyo yake, hata akiwa na kitabu chake mkononi. Pili, usiulize swali ambalo tayari una jibu lake. Tulikubaliana pia kwamba "sijui, nitakwenda kuuliza nyumbani" ni jibu kamili, na hilo ndilo lililowavuta wazazi bila mimi kuwaita, kwa sababu jioni watoto walianza kurudi na maswali ambayo baba na mama nao walilazimika kumuuliza shehe au mchungaji.

Mwezi Machi swali lililokuwa likizungukazunguka tangu Oktoba liliingia sandukuni. Karatasi iliandikwa kwa herufi kubwa: JE NI KWELI UNAGEUKA NYOKA? Safari hii nilikuwa nimekwenda mwenyewe kwa yule ustadhi, nikamwomba radhi, nikakaa mkekani nikanywa kahawa, nikarudi tena na tena hadi akakubali kuhudhuria. Wanafunzi walicheka swali liliposomwa. Yeye hakucheka. Alisema halijui fundisho hilo, halimo ndani ya msahafu, na kwamba aliwahi kulisikia utotoni kutoka kwa watoto wenziwe wakitishana. Kisha akawageukia wanafunzi wa Kiislamu: "Wanangu, msahafu hauhitaji nyoka wa kuulinda. Unahitaji wewe utawadhe kabla ya kuushika, na usimtishe mwenzio kwa usilolijua." Kwa Wakristo aliongeza jambo moja tu, kwamba kumjaribu mtu kwa kitu anachokienzi ni kumuumiza, hata kama hapatatokea nyoka. Nilikuwa nimetafuta hotuba ya namna hiyo miezi mitano, na ilichukua dakika tatu.

Mengine niliyojifunza ni ya kiutendaji, nami nitayasema kwa haraka. Siku ya kikao iwe Jumatatu hadi Alhamisi. Tulianza na Jumamosi tukawakosa Wasabato wote, tukaihamishia Ijumaa mchana tukawakosa Waislamu, hatimaye Jumatano ikatufaa. Andika barua kwa wazazi mapema, useme waziwazi kwamba hapatakuwa na kuhubiriana wala sala ya pamoja. Sala ya pamoja tuliijaribu mwanzoni, kwa kuwa ilionekana nzuri machoni pa wageni, na wanafunzi wawili wakaacha kuja kwa sababu dhamiri ziliwasuta; tangu hapo tulinyamaza dakika moja, kila mtu na Mola wake. Tafuta pia siku rasmi ya kuegemea. Mkuu wetu aliyekuwa akiniogopa kama moto alilainika nilipomweleza kwamba mwaka 2010 Umoja wa Mataifa uliitenga wiki ya kwanza ya Februari kuwa wiki ya maelewano baina ya dini, na kwamba tarehe 21 Septemba ni Siku ya Kimataifa ya Amani. Kitu chenye tarehe kinaweza kuingizwa kwenye kalenda ya shule, na kilichomo kwenye kalenda hakiandikiwi barua ya kujieleza.

Chakula, hata hivyo, nitakieleza kwa kirefu, kwa sababu ndipo nilipoaibika zaidi. Februari 2013, kule Buseresere mkoani Geita, ugomvi wa nani mwenye haki ya kuchinja ulisababisha mchungaji kuuawa. Nililijua hilo, nilikuwa nimelifundisha darasani, na bado mwishoni mwa mwaka uleule, kwenye sherehe ya kufunga klabu, nilinunua kuku wanane, nikawachinja nyumbani na binti yangu alfajiri, nikawapika, nikawapeleka shuleni kwa bajaji. Wali ulipakuliwa. Msichana mmoja akauliza kwa adabu zote, "Madam, kuku kachinja nani?" Nilikaa kimya kwa muda ambao ulitosha kuwa jibu. Sahani zikawekwa chini moja baada ya nyingine, bila kelele, na watoto wa upande wa pili, ambao tayari walikuwa na nyama mdomoni, hawakujua kama wameze au wateme.

Ningeweza kumwita mtu wa kuchinja, kama ilivyozoeleka kwenye shughuli nyingi za mitaani kwetu. Lakini nilipolipeleka suala hilo klabuni Januari, mvulana mmoja wa Kipentekoste alisema kwamba nyumbani kwao wanaona si haki upande mmoja ndio uchinje siku zote, na mwenzake wa Kiislamu akasema kwamba kwao hilo halina mjadala. Wote wawili walisema kweli, na sikuwa na mamlaka ya kuwaamulia. Tulibishana vikao viwili. Aliyetuokoa ni msichana ambaye mama yake alikuwa na biashara ya samaki kwenye soko la Feri: samaki hachinjwi. Tukapiga makofi, hadi Msabato wetu mmoja aliponyoosha mkono akauliza kama samaki hao wana magamba, maana kwao samaki asiye na magamba haliwi. Tangu siku hiyo tulikula changu wa kukaanga kila mwisho wa mwaka, na swali la magamba likawa utani wa klabu.

Fedha zilitoka mfukoni mwangu, kati ya shilingi 40,000 na 60,000 kila muhula, na sikumweleza mume wangu kiasi kamili. Mwaka 2015 nilidhani nimepata mfadhili: mtu mmoja alituletea fulana thelathini bure. Tulizivaa siku moja, hadi mwalimu mwenzangu aliponiuliza kama klabu yangu imeshachagua mgombea, maana rangi zilikuwa za chama. Fulana ziliishia kuwa matambara ya kupigia deki. Mwaka wa uchaguzi usipokee hata kalamu.

Sitadai kwamba niliibadilisha shule. Kuna wanafunzi waliopita mikononi mwangu wasiongee na wenzao wa dini nyingine hadi wanahitimu, na kuna mwaka klabu ilibaki na watu sita. Ninaweza kusimulia jambo moja tu nililoliona kwa macho yangu. Siku chache baada ya Ramadhani ya mwaka 2017, saa ya mapumziko, ilivuma kwamba karatasi ya msahafu imeonekana imetupwa kwenye choo cha wavulana. Nilipofika, wanafunzi zaidi ya mia walikuwa wamekusanyika na wengine walikuwa na mawe. Mlangoni walisimama wanachama wanne wa klabu, wawili Waislamu na wawili Wakristo, waliokwenda kabla mwalimu yeyote hajajua. Mmoja wao, aliyesoma madrasa tangu utotoni, alikuwa ameishika ile karatasi kwa ncha za vidole. Aliinyanyua juu, akaisoma kwa Kiarabu kwa sauti, kisha akatafsiri: "Tende bora. Uzito halisi, gramu mia tano."

Kicheko kilianza nyuma, kikasogea mbele. Mawe yaliachiwa chini kimyakimya, kama watu wanaoona haya. Wasichana wawili waliomba hata hivyo karatasi ichomwe moto, kwa heshima ya maandishi yale, na mvulana wa Kikatoliki akaenda kutafuta kiberiti jikoni.

Nilihamishwa mwanzoni mwa mwaka 2019. Wiki yangu ya mwisho ustadhi alikuja na simu yake kunionyesha habari kwamba tarehe 4 Februari, mjini Abu Dhabi, Papa Fransisko na Imamu Mkuu wa Al-Azhar ya Misri, Ahmed el-Tayeb, wametia saini waraka wa udugu wa kibinadamu. Nilifurahi kweli. Yeye alinitazama akauliza, "Hao wamemaliza. Na Jumatano nani ataleta ufunguo?"

Ufunguo nilimkabidhi kijana mmoja mwalimu wa Bailojia. Tulifungua sanduku pamoja ili nimwonyeshe utaratibu, na ndani yake mlikuwa na karatasi moja tu, imekunjwa mara nne: "Asiyekuwa na dini yoyote anaruhusiwa kuingia klabu? Na akiulizwa, atajibu kwa niaba ya nani?" Aliisoma, akaniangalia mimi nijibu. Nikamwambia kanuni ni kwamba mlezi hajibu, akairudisha sandukuni akafunga.